Mpenzi wa Robota

"Milembe, uko hai?"

"Mashimba, hilo ni swali gani la kumuuliza mtu asubuhi? Niko kazini, nimeshika kichwa cha mteja."

"Nijibu kwanza. Uko hai?"

"Mzimu hausuki nywele, kaka. Kuna nini huko?"

Upande wa pili lori lilipita kwa kishindo, Milembe akajua kaka yake yuko Lamadi kwenye kibanda cha simu, maana miaka ile simu ya mkononi ukiwa nayo nyumbani kwao Mkula ilikuwa ya kutazamia saa tu. Akaibana yake kati ya sikio na bega, vidole vikaendelea na msuko. Mteja naye, mama mmoja wa mtaa wa Somanda pale Bariadi anayependa sana habari za watu, alinyamaza ili asikie vizuri.

"Bibi amenyoa nywele zote," Mashimba akasema.

"Nani amefariki?"

"Wewe."

Milembe akacheka. Mtu akiletewa habari za kifo chake mwenyewe afanye nini kingine? Halafu akagundua kuwa Mashimba hacheki.

"Nimerudi ziwani jana nikakuta watu wamejaa uani, akina mama wanalia, jina lako ndilo linatajwa. Bibi ana karatasi ya gazeti mkononi, anasema gazeti limetangaza. Nimeiona mwenyewe, Milembe. Ni wewe, umelala, umefumba macho, na kuna msalaba una jina lako. Lakini nilivyosoma maneno yake nikaona mbona kama ni mambo ya shemeji."

"Shemeji gani?"

"Kwani una wangapi? Luhende."

Vidole vya Milembe vikasimama.

"Sasa sikiliza. Nimewaambia, hawanielewi. Baba ameondoka na gari la kwanza, anakuja huko kukuchukua. Ana shuka jipya kwenye mfuko."

Mzee Mayala aliingia saluni kichwa cha yule mama kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa kanisa, mrefu wa kuinama milangoni, na tangu azaliwe hakuwa amekanyaga mahali wanawake wanapotengeneza nywele. Alisimama pale mlangoni na mfuko wake wa nailoni. Akamtazama binti yake, akakitazama kioo, kisha akamtazama binti yake tena.

"Mwangaluka, bhabha," Milembe akamwamkia, goti moja chini, kama nyumbani.

Mzee akakaa kwenye benchi la wateja katikati ya wanawake wawili waliopakwa dawa, mfuko akauweka magotini.

"Nipe maji, mama," akasema.

Akanywa kikombe chote.

"Niliposhuka stendi nilitaka niende hospitali moja kwa moja. Halafu nikasema ngoja nipite kazini kwake kwanza, labda wenzake wanajua wamemweka wapi."

"Niko hapa, baba."

"Nimekuona."

Machozi yakaanza kumtoka mzee wa watu, bila sauti, yakamwagikia ule mfuko. Evalina, mwenye saluni, alinyanyuka akazima redio.

Karatasi yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, inanuka dagaa. Na huo ndio mkasa wote. Bibi aliagiza dagaa dukani, muuza duka akawafunga kwa ukurasa wa gazeti la juzi juzi, bibi akafungua ili awachambue, akamkuta mjukuu wake amekufa. Ukurasa mmoja, hauna mbele wala nyuma. Kama bibi asingejua kusoma kabisa, angesema hizi ni picha tu, akawasha moto kwa hiyo karatasi. Kama angejua vizuri, angesoma akatukana. Lakini bibi alijua neno moja. Zamani za elimu ya watu wazima alikwenda darasani mpaka akaweza kuandika jina lake, akasema basi, linanitosha, akarudi shambani. Na jina lake ni Milembe. Mjukuu alipozaliwa alipewa jina hilo, wakawa wanaitana somo. Basi neno pekee ambalo bibi aliweza kulisoma hapa duniani alilikuta limeandikwa msalabani, juu ya sura ya somo wake.

Milembe aliitandaza karatasi juu ya meza ya vitana. Alijiona amelala mapajani mwa mwanamume mwenye kifua kipana, nywele zake zimesukwa twende kilioni. Picha ya chini yake kaburi, msalaba, MILEMBE.

Mkono uliochora aliufahamu kuliko wake.

Ngoja niseme kidogo habari za Luhende, maana bila hizo utamchukia mapema.

Luhende alikuwa kijana wa Nassa, na alianza kwa kuchora mabango. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Bariadi ikafurika wanunuzi, na kila mwenye mzani alitaka bango. Wakafuata wenye maduka, wenye hoteli, vinyozi. Evalina naye akataka bango la saluni lenye kichwa cha mwanamke. Luhende akasema yeye hawezi kuchora mtu asiyemwona, apewe wa kukaa mbele yake. Akapewa Milembe, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka msibani kwa jirani, amesuka vile vya harakaharaka.

"Kaa hapo. Usicheke," Luhende alimwambia.

"Sasa ukinikataza si ndiyo nitacheka?"

"Basi cheka, lakini usisogee."

Ndivyo walivyoanza. Na hilo la kutoweza kuchora asichokiona lilikuwa kweli, hakuwa anajidai. Akitaka kuchora ng'ombe, anakwenda mnadani. Akitaka mtu anayelia, anakwenda msibani anakaa nyuma. Wenzake walimcheka, lakini picha zake zilikuwa hai kwa sababu hiyo hiyo.

Robota, shujaa wa katuni zake, alimpata kwenye jineri, pale wanapochambua pamba. Alimtazama kijana mmoja anasukuma marobota, akawaza: je, huyu akitumbukia kwenye mashine ya kushindilia, akafungwa na waya pamoja na pamba, halafu akatoka mzima? Akamchora. Mtu ambaye kifua chake kimeshindiliwa pamba, risasi zinaingia zinaishia humo. Robota anapigana na wezi wa mifugo wenye bunduki na wanunuzi wenye mizani ya uongo. Gazeti moja la katuni la Dar likamchukua, watoto wa shule wakawa wanagombania.

Ila mwanzoni alikwama.

"Risasi zikibaki ndani atakuwa mzito," alimwambia Milembe. "Toleo la tatu hataweza hata kukimbia."

"Mtafutie mtu wa kuzitoa."

"Nani sasa?"

"Mimi nipo."

Ndipo akazaliwa yule dada mwenye nywele za twende kilioni. Kila toleo, vita vikiisha, Robota anagonga mlango wa chumba kimoja huko uswahilini, dada anamfungulia, anamtoa risasi moja moja anaziweka kwenye sahani ya bati, anamshona kifua kwa sindano ya kushonea nywele. Kukikucha anasema maneno yale yale: "Nenda, nitakusubiri." Picha moja au mbili, basi, shujaa anarudi kazini. Jumapili baada ya kanisa Milembe alikuwa anakaa kitini chumbani kwake ili achorwe, sahani mapajani, mpaka shingo inakufa ganzi. Mara moja Luhende alimchora ndiyo kwanza anaamka, alama ya mkunjo wa shuka imebaki shavuni. Ile picha wasomaji waliipenda sana.

"Huyu dada anaitwa nani?" Milembe alimuuliza siku moja.

"Mpenzi wa Robota."

"Hilo si jina."

"Wasomaji hawajauliza."

"Mimi nauliza."

"Jina litakuja siku yake."

Gazeti lilipomwita ahamie Dar, Milembe alimsindikiza stendi. Luhende aliahidi kwamba msimu wa pamba ukiisha atarudi na wazee wake, wapeleke ng'ombe wa mahari Mkula. Gari lilipoanza kuondoka Milembe akasema, "Nenda, nitakusubiri."

Luhende akacheka dirishani. "Umeiba maneno ya katuni yangu."

"Yalikuwa yangu kwanza," Milembe akasema, lakini gari lilikuwa limeshapiga honi.

Sasa turudi saluni. Milembe alitoka nje kwa nyuma, penye kamba za taulo, akampigia.

"Mama Robota," Luhende akaitika kwa furaha. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeona nimekupa jina? Nilitaka nikushtukize. Ofisi nzima imelia, Milembe. Mhariri mwenyewe alivua miwani."

"Baba yangu yuko hapa. Amekuja na shuka la kunizungushia."

"Kufanya nini?"

Akamweleza yote, dagaa, msalaba, watu waliojaa uani, kichwa cha bibi. Kisha Luhende akatoa kicheko kidogo, kile cha mtu ambaye hakukusudia kucheka.

"Samahani. Lakini unaona nguvu ya picha ile? Mtu ameamini kabisa."

"Luhende."

"Nisamehe, mpenzi. Nimeteleza."

"Kwa nini umemuua?"

"Mhariri alisema Robota amekuwa mtu asiye na maumivu. Shujaa lazima ampoteze mtu, ndipo awe na sababu ya kupigana."

"Kwani hakuwa na sababu? Si alikuwa anawapigania wakulima?"

"Wasomaji wa mjini hawalilii pamba, Milembe."

"Na jina?"

"Si wewe uliyekuwa unalidai?"

"Nililidai alipokuwa anatoa risasi."

"Ni katuni tu."

"Bibi hana nywele, Luhende. Hiyo si katuni."

Aliomba radhi sana siku ile na siku zilizofuata. Simu ya Milembe ilikuwa inalia ujumbe mpaka wateja wanauliza kama anafanya kazi kwenye benki. *Nimekosa mke wangu. Nakuja na wazee kama nilivyosema. Nitampigia bibi magoti.* Milembe alisoma neno "mke" mara nyingi kuliko maneno mengine. Tusimcheke. Alikuwa amempenda yule kijana kwa moyo wote, na moyo uliokwisha kupenda hukubali kulipwa kidogo.

Na kweli alikuja. Ng'ombe walitembezwa kutoka Nassa mpaka Mkula, mbele yao mshenga wake, mzee Kasmiri, fimbo mkononi, anasalimia kila boma. Luhende alivaa shati la mikono mirefu na viatu vya Dar. Walikaribishwa uani wakapewa viti. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi yake ukutani, kichwa wazi kinang'aa. Alikataa kufungwa kitambaa.

Mzee Kasmiri akaanza maneno yake mazuri ya ushenga, bibi akamkata.

"Huyu ndiye aliyenizika?"

"Mayu, mama yangu, kijana ni fundi wa picha. Hakuwa na nia mbaya."

"Sijauliza nia. Nimeuliza mtu."

Luhende akatoka kitini akapiga magoti mavumbini. "Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Hao watu wako wa kwenye karatasi, wakifa wanafufuka?"

"Wanaweza, bibi. Nikiamua."

"Basi amua," bibi akasema. "Tumezikwa watu wawili kwenye kaburi moja, mimi na somo wangu. Mimi mzee, niache humo humo, nimeshazoea kulifikiria. Huyu mtoe."

Mzee Mayala naye akasema lake. Ng'ombe wataingia zizini, hana sababu ya kuwarudisha wageni. Lakini ndoa haitatangazwa kanisani mpaka bibi aletewe gazeti lenye Milembe mzima.

"Sitamtoa mtoto ambaye tumeshamlilia," akasema. "Kwanza kilio kifutwe."

"Toleo lijalo," Luhende akasema, na macho yakamwaka. "Robota atakuwa amelala juu ya kaburi, mvua inanyesha. Atasikia kitu kinagonga chini ya udongo. Atafukua kwa mikono yake, kucha zinatoka damu. Atamkuta dada amefumbua macho. Dada atamwambia, umechelewa kufungua mlango."

Hata mzee Kasmiri alijisogeza kitini. Mashimba alitikisa kichwa akisema shemeji ni noma. Bibi alimtazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akamgusa kichwani. Milembe alikuwa anawaangalia akiwa mlangoni mwa jiko, sinia la chakula mkononi, akaamini. Mimi pia ningekuwepo ningeamini.

Jioni akamsindikiza barabarani.

"Sema basi," Luhende akamwambia.

"Niseme nini?"

"Maneno yetu."

"Nenda, nitakusubiri."

Akambusu kwenye paji la uso, akapanda gari. Milembe alirudi nyumbani moyo umetulia. Kitu kimoja tu kilimpita siku ile, na hakukiona mpaka baadaye sana: tangu Luhende afike mpaka aondoke hakutoa penseli.

Nywele za bibi zikaanza kuota, nyeupe na laini. Kila Milembe akipata nafasi alikwenda Mkula, anampaka mafuta kichwani, wanaongea.

"Zimefika wapi, somo?"

"Zinashikika sasa, bibi."

"Na huyo fundi?"

"Anasema mhariri anambana. Toleo lile halikuwezekana. Lijalo."

"Mhariri ndiye nani?"

"Bosi wake."

"Kumbe huyo shujaa ana bosi," bibi akasema.

Ujumbe wa Luhende ulipungua. Kwanza ulikuwa wa kila siku, ukawa wa Jumapili, ukawa *nipo bize nitakupigia*. Milembe alimtetea kwa Evalina, akamtetea kwa baba yake, akamtetea usiku peke yake kitandani, ambapo hakuna aliyekuwa anamshitaki. Ng'ombe mmoja wa mahari akazaa. Mashimba akataka kumpa ndama jina, baba yake akamkataza, akasema tusubiri kwanza.

Asubuhi moja Evalina aliingia saluni na gazeti kwapani. Akaliweka juu ya meza ya vitana, akaenda kujishughulisha na ndoo za maji.

Milembe alifungua kwa haraka akitafuta mvua, akitafuta kaburi. Hakukuwa na mvua. Robota alikuwa anapanda ngazi za ghorofa, kifua kimejaa risasi, anagonga mlango. Mlango ukafunguliwa. Maneno ya kwanza kabisa aliyosema Robota yalikuwa: "Precious, nisaidie." Dada mwenye nywele fupi zilizotiwa dawa, kidoti kidogo juu ya mdomo, akamlaza kwenye kochi, akamtoa risasi moja moja akiziweka kwenye sahani ya bati. Sahani ilikuwa ile ile, hata ule mbonyeo wa ukingoni. Picha ya mwisho ilichukua ukurasa mzima. Kumekucha, Precious ndiyo kwanza anaamka, chandarua kimesukumwa pembeni, na shavuni ana alama ya mkunjo wa shuka. Anasema, "Nenda, nitakusubiri."

"Labda ni wa kubuni tu," Evalina akasema kutoka kwenye ndoo.

"Luhende habuni," Milembe akasema.

Hapo ndipo alipokumbuka ile penseli. Mtu aliyekusudia kumfufua angemkalisha. Angemwambia alale chini, afumbe macho, afumbue, ageuke. Alikuja Mkula siku nzima, akatazamwa na ukoo mzima, wala hakuhitaji sura yake.

Akatoka nje penye kamba za taulo. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Halo, Milembe. Niko kikaoni."

"Sitakuchelewesha. Ule mkunjo wa shuka umeuona wapi?"

"Mkunjo gani?"

"Shavuni kwa Precious."

"Ni mfano tu wa kuchorea," Luhende akasema. "Anafanya kazi hapa ofisini, anapokea wageni. Mhariri alimpendekeza."

"Sijauliza anafanya kazi gani. Ule mkunjo unakaa muda mfupi sana, Luhende. Mtu akishanawa uso umepotea. Lazima uwe umelala hapo hapo ndipo uuone. Najua, maana wangu uliuona hivyo."

"Milembe."

"Ulimzika huyu wa kwanza kabla ya kumpata huyu, au baada?"

Milembe alisikia mlango unafungwa upande wa pili, halafu sauti ya mwanamke inauliza ni nani, halafu kiganja kikifunika simu. Alisubiri. Kusubiri alikuwa anakujua. Lakini kiganja kilipoondoka alikuwa ameshapata jibu, na lilimuuma.

"Nakupenda, wewe ni mtu wa pekee kwangu," Luhende akasema. "Usingekuwa wewe Robota asingekuwepo. Hilo nalisema popote."

"Ndiyo. Nilikuwa naye tangu mwanzo."

"Nipe muda nipange mambo. Bado naweza kumfufua."

"Utamfufua umweke wapi? Chumba kina mtu."

Akakata simu. Akarudi ndani, akamaliza kichwa cha mteja kwa sababu mteja hana kosa, akamwomba Evalina ruhusa, akapanda gari la Lamadi.

Nyumbani alimkuta baba yake zizini. Alimwonyesha gazeti, mzee akatazama ile picha ya mwisho, akalikunja, akampa mkononi.

"Unasemaje, mama?"

"Warudishwe, baba."

"Wote?"

"Na ndama. Asije akasema tulikula uzao wake."

Mzee Mayala alimwita Mashimba. Alfajiri ile waliyotoka ng'ombe kwenda Nassa, Milembe alisimama uani akasikiliza kwato zao mpaka zikapotea. Alilia kama watu walivyomlilia yeye, kwa sauti, hakuona aibu. Majirani hawakuja, walishakuja mara ya kwanza.

Kesho yake asubuhi bibi alimwita kwenye ngozi yake.

"Nipe ile karatasi nyingine, nimwone huyo."

Akaitazama sana picha ya Precious, akaigeuza, akairudisha.

"Msichana mzuri. Naye atakuwa na bibi yake mahali," akasema. "Unajua, somo, walinicheka hapa kijijini. Walisema bibi Milembe amezeeka, amemnyolea nywele mtu aliye hai. Hata mimi nikajicheka." Akajigusa kichwani, penye zile nywele nyeupe. "Sikukosea. Niliwahi tu."

Milembe alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea magoti ya mzee. Akaanza kufumua misuko yake mmoja mmoja, taratibu, yeye ambaye kila siku alikuwa akiwafumua wengine. Alipomaliza akampa bibi wembe.

"Una uhakika?"

"Zitaota, bibi. Zako si zimeota?"

Bibi akalowesha kichwa kwa maji ya kata, akaanza kunyoa kuanzia utosini. Nywele zikawa zinadondoka begani na juu ya khanga. Simu ikatoa mlio mapajani, maana siku hizo Mkula nako mtandao ulikuwa umeanza kushika ukikaa upande ule wa uani. Milembe akaitazama bila kuinua kichwa.

*Nakuja Jumamosi tuongee. Baba amenipigia anasema ng'ombe wamerudi. Usifanye haraka Milembe, Robota bila wewe si kitu. Ngoja nimalize kazi hii moja tu, nisubiri.*

Alikaa nayo kiganjani. Kidole gumba kilikuwa kinayajua yale maneno mawili kwa moyo, kilishayaandika mara nyingi. Akaandika la kwanza.

*Nenda.*

Akalituma lilivyo, akaizima simu.

"Inamisha kichwa," bibi akasema, "bado nyuma."

Milembe akainamisha.